Baiskeli ya Masanja Inapanda Ndege

Mwanangu Minza,

Salamu sikuandikii. Umetoka hapa saa nane kwenda Songwa kumuaga bibi yako, utarudi na mama yako kabla ya ugali, tutasalimiana kwa mdomo kama watu. Ninaandika kwa sababu kuna jambo nimejaribu kukuambia tangu Jumapili, na kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya mvua.

Habari za kuchemsha maji, chandarua na wanaume wenye redio, mama yako amekwisha kuzimaliza. Nilimsikia jana jikoni. Maji aliyarudia mara mbili, redio mara nne. Huko sina la kuongeza. Langu mimi ni baiskeli.

Barua yako ya kazi ilipofika ikasema Mtwara, zahanati moja, vijiji saba, mkunga mmoja. Barabara ya kusini imekatwa na mvua, kwa hiyo wakakukatia tikiti ya ndege kutoka Mwanza. Wewe ukaisoma ile tikiti pande zote mbili, ukasema, "Baba, mimi nitaenda na baiskeli." Mama yako akaweka ungo chini.

"Baiskeli ipande ndege?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tusubiri. Mwakani watapakia ng'ombe."

Nilicheka naye, lakini haki ilikuwa yako. Siku hizi ukienda dukani kuulizia baiskeli unaonyeshwa ukuta, na tairi moja unaipata kwa kibali, kama bunduki. Na mkunga anayezunguka vijiji saba kwa miguu atafika kila mara mtoto ameshaota meno. Nikasema sawa, nitakwenda Mwanza kuuliza. Nilisema kwa sauti ya mtu asiyeogopa. Sauti hiyo ninayo, huwa naitumia kwa wateja.

Kule ofisi ya ndege nilimkuta karani mwenye tai, adabu zake nzuri. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamwambia nina baiskeli inayosafiri.

"Ya mtoto, mzee?"

"Ya mkunga."

"Inakubaliwa. Geuza usukani ulale na fremu, ng'oa pedali, funga kwa gunia na kamba. Itapimwa kama mzigo mwingine. Halafu toa upepo kwenye magurudumu."

"Upepo umekosa nini?"

"Kule juu hewa ya nje ni nyepesi, mzee. Ya ndani inaweza kupasua mpira ikitaka kutoka."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, tena kwa furaha, aliponiuliza tunatoka wapi ili aandike. Nikasema Maganzo. Akainua kalamu kwenye karatasi.

"Mje mapema, basi. Mzigo wa Maganzo haupiti umefungwa. Kuna meza ya askari pale, wanafungua chote. Na baiskeli, mzee, usichukie, ndiyo wanaipenda zaidi."

Sikuchukia. Njia nzima ya kurudi nilikaa kwenye basi nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, na dereva hakuwa anakimbiza.

Sasa nikueleze kwa nini askari wanaipenda baiskeli ya Maganzo. Na kwa nini hii yako naiogopa kuliko ndege yenyewe, ingawa ndege nayo naiogopa. Nimeiangalia ikipita juu ya mashamba miaka yote hii, na sijaona inachoshikilia.

Umekua ukiambiwa baiskeli hii niliinunua. Sikuinunua. Ilikuwa ya Masanja.

Masanja humkumbuki. Ulikuwa na miaka minne alipokuwa anakuja hapa karakana, akikuweka juu ya keria na kukuzungusha chini ya mwembe wa jirani mpaka utapike, kisha anamwambia mama yako kuwa umekula vibaya. Tulitoka kijiji kimoja. Yeye akawa mchimbaji, mimi nikawa fundi baiskeli, kwa kuwa udongo wa wenyewe ulinitisha na vyuma havina mwenyewe. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifungua baiskeli za watu, nikazifunga, na zilizoniachia nati mkononi nikazifungua tena. Kusoma nako nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa spoki dukani. Ndiyo maana habari nyingi za dunia ninazijua nusu.

Jumamosi moja Masanja akaja anasukuma baiskeli badala ya kuipanda.

"Fundi, inaumwa."

"Inaumwa wapi?"

"Tumboni. Inataka kumezeshwa dawa."

Akafungua kiganja. Kulikuwa na kifurushi cha kitambaa, kidogo kama punje mbili za mahindi. Sikuuliza ni nini. Hapa Maganzo mtu haulizi, na mtu anayesema hakujua huyo anajua sana. Kila almasi iliyotoka ardhini ilikuwa na mwenyewe aliyeandikwa kwenye karatasi, na askari tuliowaita wa mawe walikaa barabarani kuhakikisha karatasi inaheshimiwa. Nikafungua nati ya kiti, nikang'oa kiti na mti wake wa chuma, nikakisukuma kifurushi ndani ya bomba kwa spoki. Juu yake nikashindilia kitambaa kilichopakwa nta ili kisigonge. Nikafunga. Masanja akaitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai.

Halafu nikafanya kosa. Si lile la kuficha, hilo lilikuwa kosa la wote. Nasema kosa la kwangu peke yangu. Nilichukua mafuta ya taa nikaisafisha ile nati ya kiti mpaka ikang'aa. Nilikuwa nimejifundisha hivyo, kwamba kazi isiyong'aa si kazi. Hakuna aliyeniambia nifanye. Baiskeli nzima ilikuwa na vumbi la shimoni na samadi, na katikati pale nati moja inaniangalia kama jicho.

Kwenye kizuizi cha njia ya Shinyanga askari mmoja mfupi aliizunguka mara moja tu. Maneno yake Masanja alinihadithia mwenyewe baadaye: "Baiskeli yako haijaoga tangu ikiwa kiwandani, lakini nati hii imeoga leo asubuhi. Ilikuwa inakwenda harusini?"

Wakafungua, wakatoa jiwe moja.

Siku ya kesi nilipanda basi mpaka Shinyanga. Mama yako alinipikia viazi vya njiani, maana alijua nakwenda kusimama na rafiki yangu. Nikafika mpaka kwenye uzio wa mahakama. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefungwa kipande cha karatasi kwenye usukani, na jua la saa nne lilikuwa limekaa sawasawa juu ya nati yangu. Nilisimama pale kiasi cha mtu kumaliza sigara, nami sivuti. Kisha nikaenda sokoni, nikanunua sukari kilo mbili, nikarudi nyumbani.

Mama yako akauliza, "Kesi imekwendaje?"

Nikasema, "Imeahirishwa."

Alinitazama, akapokea sukari. Mpaka leo hajauliza tena, na mpaka leo akitia sukari kwenye chai yangu huwa anatia kidogo.

Nilijiambia nina mtoto. Nikifungwa, Minza atakula nini? Ilikuwa sababu nzuri, ukiitazama haina tundu hata moja. Ila nakuomba radhi kwa kukutumia. Ulikuwa na miaka minne, hukujua kwamba baba yako amejificha nyuma yako, na wewe hata bua la mtama lingekuzidi upana. Mwanangu, woga ukija haujitambulishi. Huja umevaa vizuri, unaongea habari za familia, unauliza kama watoto wamekula. Mimi nimemkaribisha mgeni huyo mara nyingi, nikamkalisha kwenye kiti cha busara.

Masanja alikaa ndani miaka mitatu. Sikwenda kumwona. Alitoka amekonda, anakohoa, na baiskeli yake aliidai polisi wakampa, maana hata wao walikuwa wamechoka kujikwaa juu yake. Akaja nayo hapa. Akakaa kwenye benchi, akanihadithia ile habari ya nati, na akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Mimi nilikuwa naziba pancha moja iliyokwisha kuzibwa.

"Masanja," nikasema, "kwa nini hukunitaja?"

"Nilitajwa mimi, ikatosha."

"Hawakuuliza nani aliyefungua?"

"Waliuliza sana. Nikasema ni mimi mwenyewe. Yule mfupi akanipa spana, akasema haya, funga tuone. Nati nikaizungusha huku ikakataa. Nikaizungusha huku ikadondoka ikabingirika chini ya meza. Wakacheka wote, hata mimi. Baada ya hapo hatukucheka tena."

Alisema hivyo tu. Akaomba maji, akanywa, akaondoka. Msimu uliofuata wa mvua hakuumaliza.

Baada ya matanga mke wake, Mama Shija, alikuja anaisukuma baiskeli. Hakutaka kukaa. "Marehemu alisema uichukue wewe. Alisema, mpe fundi, humo ndani kuna kitu chake."

Kitu chake! Mayu, mama yangu mdogo, usiku ule sikulala, na ukweli ni kwamba tangu hapo sijalala vizuri. Nilihesabu hivi: askari walitoa jiwe moja. Kifurushi kilikuwa cha punje mbili. Basi la pili limebaki chini, kwenye shina la fremu, pale pedali zinapozungukia, ambako spoki haifiki, na Masanja ameniachia. Ameniachia kama zawadi, au ameniachia kama deni? Hapo ndipo nilipokwama. Nikilikuta, nitakuwa nimekula mali ya mtu niliyemkimbia. Nisipolikuta, nitajua alikuwa anasema jambo jingine, na hilo jingine lilinitisha zaidi. Nikaona dawa ni kutoifungua.

Sasa umeelewa habari ya kiti. Ulipofika darasa la saba miguu yako ilikuwa inagonga usukani kama panzi, ukaniomba nikipandishe kiti. Nikakuambia nati imekwama kwa kutu. Ukiwa sekondari ukaniomba tena, nikasema fremu itapasuka. Likizo ya mwisho ulisimama pale mlangoni mbele ya wateja ukasema, "Fundi wa Maganzo nzima, nati moja inamshinda!" Wateja wakacheka, nami nikacheka. Umepanda miaka yote umekunja magoti hadi kidevuni kwa sababu ya jambo ambalo baba yako hakutaka kulijua.

Na kesho baiskeli hiyo hiyo inawekwa mezani mbele ya askari, na atakayekuwa amesimama nyuma yake ni wewe.

Ulipokwenda Songwa leo nilifunga mlango wa karakana mchana kweupe. Mteja mmoja alipiga hodi, nikamwambia nimefiwa. Mungu anisamehe, ndilo lililonijia. Nikapiga magoti mbele ya nati ile. Haikuwa na kutu yoyote, ilifunguka kwa vidole viwili. Nikang'oa kiti. Nikatoa pedali, nikafungua shina lote la chini, gololi zikamwagika kwenye sufuria. Nikapitisha waya kutoka juu mpaka chini. Waya ulikuwa unapiga fremu kama kengele, nikaogopa majirani watakuja.

Kikatoka kiota cha nyigu, kikavu. Ikatoka kutu kiasi cha kijiko. Halafu kikatoka kitambaa chenye nta.

Hakikuwa na jiwe. Nilikifumua uzi kwa uzi, nikakipitisha ulimini kama mwendawazimu. Hakuna kitu. Ndipo nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona mistari ya bluu.

Minza, kilikuwa kipande cha shati langu. Jumamosi ile nilikosa kitambaa cha kushindilia, nikachana pindo la shati nililovaa. Na shati lile lilijulikana kuanzia hapa mpaka Mwadui, kwa sababu nilikuwa nalo moja tu. Askari angekishika kile kitambaa mkononi, akauliza mtu yeyote barabarani, angeletwa moja kwa moja mpaka mlangoni kwangu, na nyinyi wote mnatazama. Masanja alijua. Nadhani walipokuwa wanashangilia jiwe lao, yeye alikirudisha kitambaa ndani kwa kidole. Kikakaa humo hadi leo. Kitu changu.

Nilitegemea kwamba nikishajua, hofu itatoka pamoja na ile kutu. Haikutoka. Nilipanga gololi, nikatia grisi, nikafunga kila kitu, na nilipoinuka kuiangalia nikaona nilichofanya. Nati zote zinang'aa. Ya kiti, za shina, za usukani, zote zimeoga. Baiskeli kongwe, nyeusi, ya Maganzo, imetoka kufunguliwa leo kila mahali penye tundu, na kesho inapanda ndege. Katika maisha yangu nimekosea nati moja, mtu akafungwa miaka mitatu. Leo, kwa kuogopa kosa hilo, nimelifanya mara kumi na moja. Nimezihesabu.

Nikachota majivu jikoni, nikayachanganya na vumbi na tone la mafuta, nikaanza kuzipaka. Nilipaka mbili. Ya tatu nikasimama. Nikajiuliza, hivi ninaficha nini? Fremu tupu. Naifanya baiskeli isiyo na hatia ijifiche kama mwizi, halafu namkabidhi binti yangu aisukume mpaka mezani. Nikazifuta zote. Sasa zimeng'aa zaidi.

Kwa hiyo kesho mambo yatakuwa hivi. Nilikuwa nimeshakuambia mguu unanisumbua, kwamba mama yako ndiye atakayekusindikiza Mwanza. Mguu hauna kitu. Ni yule mgeni wangu wa siku zote, alikuwa ameshavaa. Niliogopa kwamba kwenye meza ile anaweza kuwepo mzee mfupi anayekumbuka nati. Bado naogopa. Nimeandika mistari hii nikiwa nimekwenda chooni mara tatu. Lakini nimekwisha kuipiga pasi suruali yangu nzuri, na nitapanda basi pamoja nanyi.

Baiskeli sitaifunga gunia hapa. Nitaisukuma wazi mpaka mezani, gunia na kamba begani. Hawatakuwa na haja ya kusema fungua. Nitafungua mwenyewe, nati moja baada ya nyingine, niwape na waya wapitishe. Wataona zinang'aa. Wataniangalia, wataangalia karatasi iliyoandikwa Maganzo, kisha watakugeukia wewe mwenye tikiti, wakuulize: nani ameifungua baiskeli hii?

Usijibu, mayu; hili nitajikaza nikuambie kwa mdomo kwenye basi, maana barua itakufikia baadaye. Najua wewe una mdomo, lakini hapo kaa kimya hata kama nitachelewa kidogo kupata sauti. Swali hilo si lako. Limekuwa likinisubiri tangu una miaka minne, na mtu mwingine alilijibu kwa niaba yangu bila kujua hata spana inazungushwa upande gani.

Barua hii nitampa mama yako aifunge kwenye pindo la kanga. Tukimaliza salama nitaichukua kwake, nikupe kwa mkono wangu kabla hujatoka kwenda kwenye ndege. Ukiipokea kutoka kwangu, ujue baiskeli imepita na mimi nimepita. Ukiipokea kutoka kwake, ujue mimi bado nipo mezani najibu. Wewe panda. Usirudi nyuma kunitazama, nakusihi, kwa sababu ukirudi nitakufanya tena sababu ya kuondoka pale.

Huko uendako, kiti nimekikwaruza alama kwenye mti wake. Kipandishe mpaka hapo, ndio urefu wako. Niliupima kwa jicho ulipokuwa unatoka getini mchana, na nilishangaa umekuwa mrefu kiasi gani.

Nawasikia mnakuja. Mama yako anacheka kitu ulichosema. Napuliza karatasi ikauke.

Ni mimi baba yako, fundi aliyeifungua.